Mtaji mdogo: kusuka, nguo za mali kauli au mkopo wa kikundi?

Naanza_Upya: Habari zenu wadada. Nina miaka 22, nimemaliza masomo, kazi sijapata. Akiba yangu inatosha kununua nguo kumi hivi, basi. Nina njia tatu kichwani: kusuka nywele kwa kuwafuata wateja nyumbani, maana kusuka naweza, kuchukua nguo kwa mali kauli, yaani niuze kwanza ndipo nimlipe mwenye mzigo, au kuchukua mkopo wa kikundi nifungue kibanda kabisa. Naombeni uzoefu wenu, hela hii ikipotea sina nyingine.

Msusi: Anza na kusuka, mdogo wangu. Mteja ananunua rasta mwenyewe, wewe unakwenda na vitana na mikono yako, kwa hiyo mtaji haulali kwenye mzigo. Jioni unaondoka na hela. Ila misuko midogo inaweza kula saa sita hadi nane, panga bei kwa saa utakazokaa, usipange kwa huruma. Nauli mkubaliane kabla hujatoka. Na mteja usiyemjua, muachie mtu wa nyumbani jina lake na mahali unapokwenda. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: ukiumwa, hakuna kinachoingia.

Nguo_Safi: Mali kauli si mbaya, lakini mimi iliniumiza. Nilimpa mteja blauzi nyeupe akajaribu nyumbani, ikarudi baada ya siku nne. Nimeipokea, sijaikagua. Mwenye mzigo alipogeuza kola akaona alama ya rangi ya mdomo, ndogo kama punje ya mchele. Akaikataa, na haki alikuwa nayo. Niliilipa kwa faida ya nguo tatu nilizokuwa nimeuza wiki hiyo. Kabla hujabeba mzigo andikeni: siku ya kurudisha ambazo hazijauzwa, nani anabeba hasara ya iliyochafuka, na bei ambayo huruhusiwi kushuka chini yake. Piga picha kila nguo mbele yake.

Mweka_Hazina: Kwenye mkopo, swali la kwanza si "riba asilimia ngapi" bali "inapigwa juu ya nini". Tuseme umekopa 1,200 kwa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka. Ikipigwa juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho, unalipa riba 144. Ikipigwa juu ya deni lililobaki kila mwezi, unalipa kama 79. Asilimia ni ileile, na anayekopesha hatakuambia usipouliza.

Halafu kuna kudhaminiana. Mwenzako akishindwa rejesho, mnamlipia nyinyi. Na rejesho halisubiri kibanda kipate wateja. Vikundi vya kuweka na kukopa ni tofauti, hela ni zenu na riba mnagawana wenyewe mwisho wa mzunguko. Mfano huo ulianza Niger mwaka 1991 kwa vikundi vya wanawake. Ukikipata cha watu waaminifu, ingia kama mweka akiba kwanza.

Kibanda_Changu: Mimi natetea kibanda kidogo. Kuzungukia watu kunachosha, na mteja anayekutafuta asikukute anakwenda kwa mwingine. Ila nilifungua baada ya mwaka mzima wa kuuza mkononi, wateja walinifuata.

Naanza_Upya: Nikisuka huku nauza na nguo chache kwa wateja walewale?

Msusi: Ukiingia mwezi wa tatu wa kusuka, sawa. Sasa hivi hujui hata wateja wako wanavaa saizi gani.

Mweka_Hazina: Ukifika huko, angalia hesabu. Nguo ya 100 ukiuza 125, umeongeza asilimia 25, lakini faida yako kwenye mauzo ni asilimia 20. Mteja akiomba punguzo la asilimia 20, unaiuza kwa 100 uliyonunulia, na nauli imekwenda bure. Wengi wanakula mtaji hapo bila kujua. Na daftari liwe na safu ya hela unayojilipa wewe. Isipoandikwa, itachomolewa kidogo kidogo.

Nguo_Safi: Na usikopeshe miezi ya mwanzo. Hata shoga yako.

Naanza_Upya: Asanteni sana dada zangu, mmenifungua macho. Nguo nimeziweka kando. Leo nimenunua vitana viwili na daftari, hela iliyobaki sijaigusa. Jumamosi namsuka jirani, tumekubaliana bei na atalipa nusu kabla sijaanza.