Uzi: Kipande cha korodani isiyoshuka, nikihifadhije ili nipime methilesheni?

LonguoB
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla pendekezo langu halijafika kwenye kamati ya maadili hapa Moshi. Nataka kuangalia epijenetiki (alama za kikemia juu ya DNA zinazowasha au kuzima jeni) ya seli za mbegu kwa watoto wa mwaka 1 hadi 8 wanaofanyiwa upasuaji wa kushusha korodani. Mpango ni huu: mpasuaji anachukua kipande kidogo, kinaingia kwenye fomalini pamoja na sampuli nyingine za siku hiyo, baadaye natoa DNA na kupima methilesheni (alama za methili kwenye DNA) ya jeni ya H19 kwa njia ya baisulfaiti, kemikali inayotofautisha DNA yenye methili na isiyo nayo. Kundi la kulinganisha ni watoto wanaofanyiwa upasuaji wa ngiri ambao korodani zao zimeshuka. Nipigeni msasa.

pipeti
Dokta, fomalini iondoe leo hii. Inaing'ang'aniza DNA kwenye protini kisha inaikatakata, na baisulfaiti nayo inaikata zaidi. Unabaki na vipande vifupi mno, praima zako (vipande vya DNA vya kuanzishia kipimo) hazipati pa kushika. Baya zaidi, fomalini yenyewe hugeuza baadhi ya saitosini, herufi ya DNA inayobeba methili, kuwa herufi nyingine, yurasili, na hicho ndicho baisulfaiti inachoifanyia saitosini isiyo na methili. Mashine itakuambia methilesheni imeshuka, kumbe kilichoshuka ni ubora wa sampuli.

Kipande kigawanywe humo humo chumba cha upasuaji. Nusu iingie kwenye naitrojeni ya kimiminika ndani ya dakika chache, halafu friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama siku hiyo naitrojeni haipo, tumia RNAlater (dawa ya maji ya kuhifadhi RNA na DNA), ujazo mara 10 wa kipande. Kilale usiku mmoja kwenye friji ya nyuzi 4, kesho yake kitoe kwenye dawa ndipo ukigandishe. Ukigandisha papo hapo dawa inakuwa haijapenya katikati. Na friza iwe kwenye laini ya jenereta, usiniambie hapo kwenu umeme haukatiki.

Ila hayo ni madogo. Tatizo lako kubwa ni hesabu. Seli za kawaida za mwili zina methilesheni ya H19 kwenye nakala iliyotoka kwa baba tu, yaani 50%. Seli za mbegu zilizokwisha kuwekewa alama zake zinakaribia 100%. Korodani ya mtoto imejaa seli za Sertoli (walezi wa seli za mbegu) na seli zilizo nje ya mirija, za mbegu ni za kutafuta. Chukulia ni 5%: utasoma 52.5%. Korodani isiyoshuka iliyobakiwa na 1% utasoma 50.5%. Unaandika kwamba epijenetiki imeharibika wakati hakuna alama hata moja iliyobadilika, seli zimepungua tu. Na hizo pointi 2 zinamezwa kirahisi na makosa ya kipimo chenyewe.

MtuWaPatho
Naunga mkono, na ndiyo maana nusu ya pili inakuja kwangu. Iweke kwenye Bouin, dawa ya kukaushia umbo la seli kwa ajili ya darubini: asidi pikriki iliyokolea kabisa ml 75, fomalini ghafi ya 37–40% ml 25, asidi asetiki isiyochanganywa na maji ml 5. Masaa 4 hadi 24 yanatosha kwa kipande cha ukubwa huo, kisha osha kwa alkoholi ya 70% mpaka rangi ya njano ipungue. Asidi pikriki isiachwe ikauke chupani, ikikauka inalipuka. Na usijaribu kutoa DNA kwenye hiyo nusu, asidi imeshaitafuna.

Nitahesabu seli za mbegu kwenye mirija isiyopungua 100 iliyokatwa mkato wa mviringo. Wastani ukiwa chini ya 0.2 kwa mrija, hatari ya ugumba baadaye ni kubwa. Pia nitatafuta spamatogonia Ad, zile zenye kiini cheusi chenye doa la mwanga. Hizo ndizo seli mama za mbegu, na kuzipata kunadai slaidi nyembamba sana.

LonguoB
Nashukuru. Kundi la ngiri je? Na je, tatizo si joto tu?

MtuWaPatho
Kundi la ngiri hupati. Hakuna kamati itakayokuruhusu kukata korodani nzima ya mtoto kwa ajili ya utafiti, na mimi nisingeruhusu. Korodani ya upande wa pili iliyoshuka nayo si kipimo safi, mara nyingi ina upungufu wake. Linganisha wenyewe kwa wenyewe: walio na Ad na wasio nazo, umri uleule. Mtoto wa mwaka 1 na wa miaka 8 usiwaweke kapu moja.

Joto lina sehemu yake, kwenye mfuko wa korodani ni nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Lakini kuna homoni pia. Miezi ya mwanzo ya maisha LH (homoni inayoiamsha korodani) na testosteroni hupanda, na ndipo gonositi (seli changa za mbegu) hugeuka kuwa Ad. Wimbi hilo likiwa dhaifu, gonositi hubaki zilivyo au hufa, na kisu peke yake hakizirudishi.

pipeti
Hapo ndipo ungepata swali zuri kuliko H19. Timu ya Hadziselimovic, Uswisi, ilionyesha mwaka 2015 kwamba njia ya Piwi (protini zinazolinda DNA ya seli za mbegu) hulegea kwenye korodani hizi. Njia hiyo ndiyo inayoelekeza methilesheni ya kunyamazisha LINE-1, vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika kwingine. Ikilegea, LINE-1 huamka. Usipime methilesheni ya LINE-1 kwenye kipande kizima, maana seli za Sertoli nazo zimeinyamazisha na utarudi kwenye hesabu ileile. Paka kingamwili ya protini ya LINE-1 kwenye slaidi, uone seli moja moja. RNA ya PIWIL4 na DDX4, jeni za seli za mbegu, ipime kwenye nusu iliyogandishwa, ukigawa kwa idadi ya seli aliyohesabu Patho.

kisu_taratibu
Upande wa thieta: kipande kisizidi punje ya mchele, milimita 2–3. Pasua utando mweupe sehemu ya juu, pembeni, mbali na ncha ya chini ambako mishipa ya damu ni mingi. Bonyeza korodani taratibu nyama ijitokeze, kata kwa mkasi mkali, kila nusu iende moja kwa moja kwenye chombo chake. Isishikwe kwa koleo, isiwekwe kwenye gozi yenye chumvi, mirija inapondeka na kuvimba. Kifaa cha kuunguza kisiguse hapo. Wakati wa kuishikiza mfukoni, uzi usipite ndani ya nyama ya korodani.

Kwenye fomu ya ridhaa andika wazi kwamba kipande ni cha ziada na mtoto hapati nafuu yoyote kwa kukitoa. Ukitaka kupeleka sampuli nje ya nchi, kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na mkataba wa kuhamisha sampuli uanze kushughulikia sasa. Na ratiba yako isimcheleweshe mtu: miongozo inataka upasuaji kabla ya miezi 18. Mtoto wa miezi 14 akija wiki ambayo naitrojeni imeisha, anashushwa, wewe unakosa sampuli.