Mkataba wa nyumba ya benki Lanet hauhamishiki: ninunue kisha niuze, nitumie kampuni, au nirudi benki?

Kijana wa Lanet
Wakuu, nisaidieni kabla sijapoteza pesa. Kuna nyumba ya vyumba vitatu hapa Lanet, Nakuru. Mwenyewe alishindwa na mkopo, benki ikaamua kuiuza kwa makubaliano bila mnada, shilingi 6,000,000. Nimetia saini na kulipa asilimia 10. Sasa nimepata mama mmoja aliye tayari kutoa 7,200,000. Nia yangu ilikuwa nimwachie mkataba anilipe tofauti, kama Wamarekani wafanyavyo kwenye zile video. Wakili wangu amenionyesha kifungu: mnunuzi hawezi kumpa mtu mwingine haki zake bila benki kukubali kwa maandishi. Nina siku 61 za kumaliza malipo. Mngefanyaje?

AtienoKsm
Ndugu, piga hesabu kwanza. Ukinunua kwa jina lako, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 240,000. Tuseme wakili na gharama ndogo ndogo ni 120,000. Ukimuuzia huyo mama, faida yako ni 840,000. KRA, mamlaka ya kodi, inachukua asilimia 15 ya hiyo (ilikuwa 5 hadi mwisho wa 2022), kwa hiyo 126,000. Unabaki na 714,000. Na yeye atalipa stempu yake, 288,000 juu ya bei, kwa hiyo mwambie mapema asije akashtuka mwishoni. Mthamini wa serikali akisema nyumba ina thamani kubwa kuliko bei yenu, stempu inahesabiwa kwa thamani yake.

Zile video zisikuponze. Kule wanaweza kufunga mauzo mawili siku moja. Hapa kuna uthamini, stempu, kisha foleni ya ofisi ya ardhi, na kila uhamisho unapitia njia hiyo yote.

Mzee wa Kiamunyi
Njia ya kampuni ni nzuri, lakini kwako imechelewa. Ungeandikisha kampuni kwanza, kampuni ndiyo itie saini na benki, halafu huyo mama anunue hisa. Nyumba haibadilishi jina, na stempu ya hisa ni asilimia 1. Ila faida ya kuuza hisa nayo inatozwa kodi, na mama mwenye busara atauliza kampuni ina madeni gani mengine. Wanunuzi wengi wa hapa Nakuru wanataka hati miliki yenye jina lao. Sikulaumu, nao siwalaumu.

Kijana wa Lanet
Mzee, je, nikiachana na kununua nimlete mama benki, wao wanipe kamisheni?

AtienoKsm
Usijaribu kama hujasajiliwa. Sheria ya mawakala wa nyumba inataka usajili kwa bodi yao, na kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Bora mwende benki pamoja, mwombe mkataba mpya wa pande tatu: wewe utoke, mama aingie, wewe urudishiwe amana yako na ulipwe kiasi kilichoandikwa wazi. Benki haina lazima ya kukubali. Lakini ikiona mnunuzi mwenye pesa taslimu, nayo imechoka na deni hilo, husikiliza. Ombi liwe barua ya wakili.

Shamba Njoro
Kwa wanaosoma na wana shamba badala ya ploti ya mjini: kuuza upya kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini mkataba haufai kitu. Ukinunua kisha ukauza, unapanda mbele ya bodi kwa uuzaji wako pia. Hesabu muda huo.

DadaKakamega
Mimi naomba uulize jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja: nani yuko ndani ya nyumba? Nilinunua kwa benki moja, nikaahidi mtu kumkabidhi ndani ya miezi miwili. Familia ya mwenye deni ilikuwa bado inaishi mle. Mume alikwenda mahakamani akasema hakupata notisi sawasawa. Sheria inataka siku 90 za kulipa deni, kisha siku 40 za notisi ya kuuza, na mke au mume aliyekubali rehani apewe nakala. Kesi ilisimamisha uhamisho. Mnunuzi wangu alichoka, akadai pesa zake, nami nilikuwa nimeshazitumia kulipa benki. Niliuza gari kumrudishia. Nililia, na bado nikikumbuka naumia.

Kwa hiyo ndugu yangu, usiguse amana ya huyo mama. Ikae kwa wakili, na mkataba wenu useme wazi kwamba hujawa mwenye nyumba, na kwamba uuzaji unategemea wewe kumaliza na benki. Omba benki nakala za notisi zote na ripoti ya uthamini, ambayo isiwe imepita miezi 12 kabla ya uuzaji.

Kijana wa Lanet
Dada, pole sana. Hilo la waliomo sikuliuliza. Nimekwenda jioni hii: kuna mama mzee na wajukuu watatu, na anasema benki haijamwambia lolote. Kesho namwambia wakili aombe notisi, na barua ya mkataba wa pande tatu isubiri majibu ya hizo. Mnunuzi nimempigia, nimemweleza ilivyo. Amekubali kungoja wiki mbili.