Wakala kaandika namba ya ushuru 8703 (gari la kawaida) badala ya 9705 (gari la kale). Nani ashawahi kudai marejesho kwa fomu ya C285?

Kutoka: Mtoto wa Tanga (Reading)

Habari za jioni ndugu zangu,

Wenye uzoefu wa kuleta gari kutoka Japani naombeni msaada, maana tangu jana chakula hakipiti. Gari ni Nissan Fairlady Z, S30 ya 1973, imeshuka Southampton kwenye kontena la kuchangia. Thamani pamoja na nauli ni pauni 20,000. Kabla meli haijafika nilimwandikia wakala wa forodha: gari imepita miaka 30, iingie 9705, ushuru sifuri na VAT asilimia 5, yaani pauni 1,000 basi. Jana wameniletea hesabu ya 8703: ushuru asilimia 10, halafu VAT asilimia 20 juu ya vyote. Jumla 6,400. Nimelipa huku nalalamika, kwa sababu gharama za kulaza mzigo bandarini hazisubiri mtu.

Nilipopiga simu, kijana wa pale ofisini akaniambia gari haiko katika hali yake ya asili kwa kuwa ina injini ya L28, na karatasi ya Kijapani ya kusafirishia gari nje imeandikwa lita 2.75. Ni kweli, mwenye gari wa kwanza alibadilisha injini na akaisajili kihalali hukohuko. Lakini L20 iliyotoka nayo kiwandani nimeinunua pia, imo ndani ya kontena hilohilo juu ya pallet, na makaratasi yake ninayo.

Maswali mawili tu. Kwanza: C285 naweza kuijaza mwenyewe wakati EORI (namba ya mwagizaji) iliyotumika ni ya wakala? Pili: nikiirudisha L20 sasa hivi, itasaidia, au wanaangalia hali ya siku gari ilipoingia?

Natanguliza shukrani.

Kutoka: Baba Zuhura (Leicester)

Pole sana mdogo wangu. Mawakala hao wote ni walewale.

Celica yangu TA22 ya 1974 iliingia 9705 bila hata kuulizwa swali, sema mimi nilituma picha kabla: injini, sehemu ya chini, bamba la chesisi, vioo vya kwenye fenda. Hivyo vioo usivitoe! Japani hawakuruhusu vioo vya mlangoni mpaka 1983, kwa hiyo afisa akiona vioo viko kule mbele juu ya fenda anajua hii gari ni mkongwe kweli. Changu cha kushoto kilivunjwa na wapakiaji. Kukipata kingine ilikuwa kazi: mnadani Japani wanauza jozi, cha upande mmoja hakuna, na mwenye jozi anajua una shida. Sasa nina cha kulia cha akiba ambacho mama Zuhura ananiuliza kila wiki kinafanya nini kabatini.

Wewe jaza fomu ya BOR286, usisumbuke. Mimi kabureta zangu zilitozwa mara mbili, nikaijaza, hela ikarudi. Na NOVA, ile taarifa ya kuwaambia watu wa kodi kwamba gari imefika, umeshafanya? Siku 14 tangu gari ifike, usijisahau.

Kutoka: Kip (Aberdeen)

Baba Zuhura, heshima yako, lakini BOR286 ni ya vifurushi vilivyokuja kwa posta. Huyu ameleta gari nzima kwa kontena. Tafadhali tusome swali kabla ya kujibu, mtu atapoteza miezi akifuata ushauri kama huo.

C285 ndiyo fomu. Muda ni miaka 3, so hakuna haja ya kukosa usingizi. Kitu kingine, mbona hakuna anayetaja CEPA? Gari imetengenezwa Japani, na Uingereza ina mkataba huo wa biashara na Japani tangu 2021. Hata kama 9705 itakataliwa, ile asilimia 10 si lazima.

Kutoka: Bi Asha (Milton Keynes)

Kip, CEPA inataka tamko la asili, yaani la kuthibitisha gari ilitengenezwa wapi. Gari ya miaka hamsini, imepita mikono ya watu wangapi, imenunuliwa mnadani. Nani atakaa aandike tamko hilo? Dalali wa mnada? Mume wangu alijaribu njia hiyo kwa Toyota AE86 yake, aliishia kubadilishana barua pepe na watu wanaomjibu kwa heshima kubwa kwamba haiwezekani.

Na wewe Mtoto wa Tanga, hukusema kama hiyo L20 ya juu ya pallet iliandikwa peke yake kwenye tamko au imepita kimyakimya. Injini iliyolala pembeni si sehemu ya gari, ni spea, ina namba yake, 8407. Na kama buti umelijaza taa na bampa, hizo nazo zina namba zake, taa 8512 na bampa 8708. Nnavyojua mimi, ukidai marejesho wanafungua faili lote. Usije ukadai elfu tano ukafunguliwa mengine.

Kutoka: Wafula (Coventry)

Mimi ni fundi wa bodi, mambo ya fomu nawaachia nyinyi. Ila hiyo habari ya "si ya asili" inanikera.

L20 na L28 ni ukoo mmoja. Zote silinda sita kwa mstari, mikono ya injini ileile, unaitoa moja unaweka nyingine bila kukata wala kuchomelea kitu. Chesisi haijaguswa. Ukitaka leo jioni unarudisha. Sasa mtu akikata sakafu akaweka V8 ya Kimarekani, hapo sawa, mnyime.

Lakini bro, kabla hujapigania hizo pauni, umeinua carpet? S30 inaoza pahali ambapo muuzaji hapigi picha. Angalia chini ya betri, maji ya betri yanakula bati mpaka kwa reli ya chesisi. Angalia shimo la spea taya, kona za nyuma ya mlango, na sakafu upande wa dereva. Pigapiga na bisibisi. Niliwahi kuletewa moja inang'aa ukaona sura yako kwa mlango, nikasukuma bisibisi ikapita hadi kwa mpini. Ilikuwa imejazwa pati na kupakwa rangi juu. Chrome na dashibodi utanunua polepole, hata dashibodi iliyopasuka kuna watu wanaivika upya. Reli zikiwa zimekwisha, hapo unajenga gari mpya.

Kutoka: Kip (Aberdeen)

Wafula, si mambo ya kukata au kutokata. Masharti ya 9705 yanataja chesisi, usukani, breki, gia, suspensheni *na injini*. Injini imetajwa kwa jina. Mambo ya ukoo haimo.

Kutoka: Wafula (Coventry)

Yanasema "mabadiliko makubwa", Kip. Nani anapima ukubwa? Wewe na ruler yako?

Kutoka: Baba Zuhura (Leicester)

Msigombane vijana. Mtoto wa Tanga, kama L20 inahitaji kufanyiwa ovahoo, usinunue pistoni huku kwa bei za Wazungu. Agiza nyumbani. Kirinyaga Road Nairobi au Kariakoo Dar, Datsun 1600 zilikuwa nyingi mno, pistoni za injini yake ya L16 zimejaa kwenye maduka ya wazee wa Kihindi, ndani ya boksi, hazijawahi kuguswa. L ni L.

Kutoka: Wafula (Coventry)

Mzee wangu, hapana. L16 bore, yaani upana wa shimo la silinda, ni milimita 83, sawa na L24 ya 240Z. L20 ya silinda sita ni 78. Pistoni ya 83 itaingia wapi kwa shimo la 78? Za kutoka Kariakoo zingemfaa mwenye 240Z, yaani Z hiyohiyo ya soko la nje. Huyu ana Fairlady ya Wajapani wenyewe, walioipa lita 2 kwa sababu ya kodi yao.

Kutoka: Mzee Hilali (Muscat)

Assalaam aleykum wanangu,

Nasoma kimya siku zote lakini leo mmenigusa. Nilikuwa kijana mdogo Mombasa zile Datsun 240Z za kiwandani zilipokuwa zikija mbio za Safari Rally, nyekundu na boneti jeusi. Ilikuwa unaisikia kabla hujaiona, ule mlio wa silinda sita ukija kutoka mbali kwenye vumbi. 1971 alichukua Herrmann, na 1973 akachukua Shekhar Mehta kwa gari aina hiyohiyo. Hakuna aliyewahi kutuambia Mjapani hajui kutengeneza gari, sisi tuliona kwa macho yetu.

Hiyo iliyoshinda 1971 Nissan wanayo mpaka leo kwenye ghala lao la Zama huko Japani, wafanyakazi wa Nissan wenyewe waliifufua.

Huku kwetu L28 si kitu cha kutafuta sana, Patrol za mwanzo wa miaka ya themanini zilikuja nayo, na nyingine bado zimelala mashambani. Sharjah kwenye machinjio ya magari utapata hedi, manifoldi, distribyuta. Vitu vya bodi ya S30 usijisumbue, huvipati.

Kutoka: Baba Zuhura (Leicester)

Mzee Hilali, shikamoo. Umenikumbusha mbali. Na Joginder Singh je, si naye alishinda na 240Z?

Kutoka: Kip (Aberdeen)

Joginder alishinda 1965 na Volvo, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Hakuwahi kushinda na Z. Na 1973 yenyewe Mehta alimaliza sare na Källström, ambaye naye alikuwa kwa Datsun. Wakampa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kupata pointi ya adhabu.

Kutoka: Bi Asha (Milton Keynes)

Na Mehta alikuwa mtoto wa Uganda. 1972 Amin anawafukuza Wahindi kwa siku tisini, Pasaka iliyofuata mmoja wao anashinda mbio kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki. Hilo hamlisemi, mnasema bore na pistoni.

Kutoka: Mzee Hilali (Muscat)

Shikamoo zenu nimezipokea. Bi Asha umesema kweli. Mbio zile zilikuwa zikipita nchi tatu, watoto wa Kampala, wa Tanga na wa Mombasa tunashangilia gari lilelile. Baadaye zikabaki Kenya peke yake, na 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Nilikuwa na shangazi Lunga Lunga upande wa Kenya, mumewe ng'ambo ya mpaka, Horohoro. Wanasiasa walipatana baadaye, yeye hakuwahi kuwasamehe.

Kutoka: Kip (Aberdeen)

Na sasa hata hiyo Z yenyewe huwezi kuipeleka nyumbani. Kanuni ya Kenya ya KS 1515 inataka gari isizidi miaka 8 tu. Gari iliyotuletea sifa haiwezi kuingia Mombasa, lakini Probox iliyochoka ya miaka saba inaingia.

Kutoka: Baba Zuhura (Leicester)

Tanzania inaingia! Hatuna kikomo cha umri sisi. Nikistaafu Celica inaenda Moshi.

Kutoka: Bi Asha (Milton Keynes)

Inaingia, na TRA wanakusubiri na ushuru wa uchakavu. Gari uliyoitengeneza kwa hela za mkopo, bolti moja moja, unaambiwa imechakaa ulipe zaidi. Ukamwambie nini afisa, kwamba chrome ni mpya?

Mume wangu anasema mwenye AE86 ana nafuu, Toyota wenyewe wamerudi kutengeneza baadhi ya spea zake, kama walivyofanya kwa 2000GT. Nissan walianza na GT-R ya R32. Nyinyi wa S30 na TA22 mtaendelea kupigania vioo mnadani.

Kutoka: Mtoto wa Tanga (Reading)

Nawashukuru wote, na Mzee Hilali shikamoo. Nimeinua kapeti kama alivyosema Wafula. Chini ya betri kuna tundu la kupitisha ngumi. Reli bado nzima.

L20 iliandikwa peke yake kwenye tamko, 8407, Bi Asha ondoa shaka. Buti halikuwa na kitu zaidi ya jeki yake.

Ila bado sijajua: C285 naijaza mimi au wakala? Maana nimewaandikia wanipe barua ya idhini, wanasema hiyo nayo ina ada.

Kutoka: Baba Zuhura (Leicester)

Ada ya kurekebisha kosa lao wenyewe! Hao ndio wale wa Southampton karibu na geti? Usitaje jina hapa, niandikie pembeni.

Kutoka: Wafula (Coventry)

Tundu la betri ni kazi ya wikendi moja, usiogope. Bati la kukata na kuchomelea ninalo. Leta gari na treila, usiendeshe, haina namba bado na V55/5, fomu yako ya usajili, sijui imefika wapi.

Na ukiamua kurudisha L20, hiyo L28 usimwuzie mtu wa mtandaoni. Nipe bei kwanza.

Kutoka: Mzee Hilali (Muscat)

Mjukuu wangu anakuja London mwisho wa mwezi na ana kilo za akiba. Nina distribyuta ya L28 na seti ya gasketi iliyofungwa bado. Anayetaka aseme mapema, maana mama yake ameshaanza kumpangia halua.