Mhusika wangu Mpemba kamfunika Storm: nimpunguze nguvu au nimfute?

Mwana wa Wete:
Assalaam alaykum wapenzi wa hadithi. Naandika hadithi ya Storm wa X-Men, yule shujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani anayeamrisha hali ya hewa, nimemleta Pemba mwezi wa kumi, msimu wa karafuu. Mama yake ni mtu wa Kenya, kwa hiyo kumshusha bandari ya Mkoani hakunipa tabu. Pembeni yake nimemuweka msichana wangu wa kubuni, Mwanaidi, mchumaji karafuu wa Konde. Anaamrisha pepo zote, anatembea juu ya maji, anaponya wagonjwa, na radi ikimpiga haimdhuru.

Wenzangu wawili wamesoma. Mmoja kanambia Storm kazi yake imebaki kupiga makofi. Wa pili: "Mpemba, halafu mchawi. Tumechoka." Hilo limenichoma, maana nilianza kuandika khasa niwaoneshe watu Pemba ninayoijua mimi. Nimfute nibaki na Storm peke yake? Nampenda sana huyu mtoto.

Kijana wa Michenzani:
Waalaykumu ssalaam dada. Usimfute. Wenzetu wa nje mhusika kama huyu wanamwita Mary Sue, tangu 1973, pale Paula Smith alipoandika kihadithi cha kuwachezea shere mashabiki wa tamthilia ya Star Trek waliobuni mabinti wanaoweza kila kitu. Mimi jina hilo silipendi, limewavunja moyo wasichana waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kuandika. Lakini mtazame Storm mwenyewe. Katokea 1975, anaita radi na vimbunga, na bado ukimfungia chumba kidogo anapagawa, kwa sababu utotoni alifukiwa na kifusi Cairo, mama yake kafia pale pale. Mie nikisoma radi naziruka, nasubiri pale anapohema mbele ya mlango uliofungwa. Mlango wa Mwanaidi uko wapi?

Mama Chake:
Mwanangu, hawa mashujaa nawajua kwa wajukuu, ila karafuu nimechambua tangu sijavunja ungo. Wewe mtoto wa Wete, usiku wa kuchambua huujui? Watu mmekaa chini, kishada unakisugua kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule, mpaka kiganja kinakuwa cheusi na hata chai inanukia karafuu. Kisha zianikwe, siku tatu nne za jua kali, na vuli ikizikuta majamvini hasara hiyo ni ya mwaka mzima. Huyo Storm mvua anaihisi kabla haijaja, basi usimpe Mwanaidi mvua. Mpe hicho kiganja. Kijue wapi kumeanikwa, na za nani. Na karafuu za mtu zikirowa, kimuunguze yeye.

Popo wa Ngezi:
Mama Chake Mungu akuweke.
Hilo la uchawi, dada, usilikimbie. Mie mtu wa Micheweni nimesoma skuli Unguja, najua kuitwa mchawi kila mtihani ninaofaulu. Uwezo wa Mwanaidi usitoke kwa mganga wala kwa jini, na majirani wamwite mchawi hivyo hivyo, na yeye aumie. Halafu muweke popo mmoja juu ya mwembe. Watu wakisikia popo wanakumbuka uvumi wa lile jini Popobawa wa 1995, familia zikilala nje kwa khofu. Hawa popo wetu wakubwa hawapatikani popote duniani ila Pemba, wanakula matunda, maua na majani, hawana ubaya na mtu.

Baharia wa Nungwi:
Mie siafiki kumpunguza. Superman tangu 1938 ananyanyua magari na watu wanampenda. Msichana wa kwetu akiwa na nguvu ndio makelele? Muache, ila Storm nae mpe kazi.

Mwana wa Wete:
Ahsanteni. Baharia, nimekusikia, na nimekaa nalo usiku kucha. Lakini kutembea juu ya maji nimekufuta, na kuponya, na ile radi. Nilipofuta ndipo Mwanaidi akaanza kusema mwenyewe. Nimeandika hivi alfajiri:

"Kaskazi ilikuwa inavuma. Storm akanyanyua mkono, na wingu zito lililokuwa juu ya Konde likaanza kusogea kusini. Shamba zima wakashangilia. Mwanaidi akafumba kiganja, akakifumbua. Kilikuwa kinaungua.
'Lirudishe.'
'Zenu zitarowa.'
'Sisi tuko kumi na tano, tutakunja. Mtambwe kuna bibi kaanika majamvi manne na yuko peke yake.'
Nyuma yao mjomba wake akatema mate chini. 'Kaanza tena mchawi huyu.'
Storm hakushusha mkono. Alikuwa anamtazama Mwanaidi, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Mkoani hakujua afanye nini."

Kijana wa Michenzani:
Ndio huo mlango.

Mama Chake:
Hapo kwa yule bibi niliiweka simu chini kidogo. Kitu kimoja, mwanangu: mwezi wa kumi kaskazi haijaingia, ni maleleji, pepo za kubadilika baina ya misimu. Rekebisha. Na mjomba nae, alikunja au hakukunja?