Januari 2028: darasa la VI na la VII wanaingia kidato cha I pamoja. Kata ijenge, ihamishe au ichore mipaka upya?

Takwimu_za_Kata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014, toleo la 2023, msingi unakuwa miaka 6 na elimu ya lazima miaka 10. Watoto waliokuwa darasa la III mwaka 2024 wanamalizia darasa la VI mwaka 2027. Mwaka huohuo waliokuwa la IV wanamaliza la VII. Makundi mawili, mlango mmoja.

Tuchukue kata ya mfano ili tusibishane hewani. Sekondari moja ya mikondo 4, vyumba 16, vyote vina watu. Shule za msingi tatu za mikondo miwili miwili. Mbili kati yake ni A na B, zimekaa uwanja mmoja. Mwaka 2027 darasa la VI wana watoto 228, la VII 204. Jumla 432. Kwa watoto 40 kwa chumba, hiyo ni mikondo 11. Kuanzia 2029 linaingia kundi moja la watoto kama 228, mikondo 6, kwa sababu miaka 10 ikiwa lazima hakuna tena wa kuachwa nje kwa mchujo.

Vyumba vinavyohitajika sekondari (kidato cha I + II + III + IV):

2028: 11+4+4+4 = 23
2029: 6+11+4+4 = 25
2030: 6+6+11+4 = 27
2031: 6+6+6+11 = 29
2032: 6+6+6+6 = 24

Itazameni vizuri. Kila mtu anaiogopa 2028, lakini mwaka mbaya kuliko yote ni 2031. Anayejenga vyumba 7 vya kuivuka Januari 2028 atapungukiwa tena mwaka unaofuata. Na anayejenga 13 atabaki na 5 vitupu kuanzia 2032.

Njia zilizo mezani: (1) kujenga vyote 13, (2) kuweka kidato cha I kwenye vyumba vya darasa la VII vitakavyobaki wazi msingi, vyumba 6 kwa kata hii, (3) zamu mbili, asubuhi na mchana, (4) kuunganisha A na B na kuhamisha mipaka ya kata. Kwa bei ya mradi wa UVIKO-19 wa 2021, shilingi milioni 20 kwa chumba, vyumba 13 ni milioni 260, na 8 tu vya kudumu (24 vya 2032 kutoa 16 vilivyopo) ni milioni 160. Bei imeshapanda, ila tofauti ndiyo hiyo.

Bi_Ikama

Zamu mbili zifutwe mapema. Zamu inaokoa chumba, haiokoi mwalimu. Mikondo 29 ni mikondo 29 hata ukiifundisha usiku. Tukichukulia Hisabati vipindi 5 kwa wiki, leo mikondo 16 ni vipindi 80. Mwalimu mmoja akibeba 28, unahitaji watatu. Mwaka 2031 ni vipindi 145, walimu sita. Fizikia na Kemia hali ni hiyohiyo, na hao ndio hawapatikani. Boma linaezekwa kwa miezi michache. Ombi la ikama, yaani idadi ya walimu wa shule, linasubiri bajeti, kibali, ajira, halafu mwalimu aripoti na asiombe uhamisho.

Halafu zamu ya mchana inatoka saa 12 jioni. Binti wa kilomita 6 anafika nyumbani giza limeshaingia. Tukisema tunatafuta usawa, tuanzie hapo.

Gredi_ya_Saba

Naandika kutoka Kenya, ambako njia ya 2 ilichukuliwa nchi nzima. Jopo la mageuzi ya elimu lilipendekeza Desemba 2022 kwamba sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, zikae ndani ya shule za msingi, na mapema 2023 Gredi ya 7 ikaanza. Faida ipo: mtoto wa miaka 12 hakupelekwa bweni, na mzazi hakununua sanduku wala godoro.

Kasoro zilijitokeza palepale. Maabara hakuna. Mgao wa serikali ni shilingi 15,042 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi na 1,420 kwa wa msingi, boma moja, chini ya mwalimu mkuu mmoja. Hapo ugomvi wa nani anatia sahihi matumizi haukwepeki. Walimu wa sekondari msingi wamekuwa wakidai usimamizi wao wenyewe. Kama mnaifuata njia hii, andikeni mapema: mkuu ni nani, akaunti ni ipi, ripoti inakwenda kwa nani.

Takwimu_za_Kata

Kwetu kuna kikwazo cha pili, mkuu: lugha. Msingi ni Kiswahili, kidato cha I ni Kiingereza. Mwalimu wa cheti wa darasa la V huwezi kumkabidhi Bailojia ya kidato cha I kwa sababu tu yupo jirani na chumba. Walimu lazima watoke sekondari mama na kutembea. Kwa hiyo shikizi, yaani vyumba vya kidato cha I vilivyo ndani ya shule ya msingi, iwe umbali wa kutembea dakika 15, na ratiba ifungwe kwa siku nzima: mwalimu akienda shikizi Jumanne anabaki huko Jumanne yote. Ukimpangia kipindi cha 3 huku na cha 4 kule, cha 4 kimekufa.

Kengele_Moja

Njia ya 4 inadharauliwa. Uwanja mmoja, A ina watoto 96 kwa kila darasa, B ina 64. Yaani vyumba vya A vina 48, vya B vina 32, na ukuta ni mmoja! Unganisha: A ichukue awali hadi la III, B ichukue la IV hadi la VI. Kila darasa linakuwa na watoto 160 kwenye mikondo minne ya 40 kamili.

Vyumba: kila shule ina 15 (awali 1, na 14 vya la I hadi la VII). A itatumia 12 kwa la I–III na 2 kwa awali, kinabaki 1. B itatumia 12, vinabaki 3. Vinne wazi uwanja mmoja, badala ya viwili huku na viwili kule.

Mbinu si ngeni. Mji wa Princeton, New Jersey, ulifanya hivyo mwaka 1948 kuunganisha shule ya watoto weusi na ya weupe, na Wamarekani hadi leo wanaiita Mpango wa Princeton.

Yanayoharibika: upimaji wa darasa la IV wote unaangukia B, kwa hiyo A haina matokeo ya kujivunia na walimu wake watajiona wa daraja la pili. Madawati ya la I hayamfai mtoto wa la VI, yahamishwe kwa hesabu, si kwa kusukumana siku ya kufungua shule. Na kila mtoto anayebadili shule ahamishwe kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kabla shule hazijafungwa Desemba. Ukichelewa, Januari una watoto darasani wasio na shule kwenye mfumo.

Korongo_la_Masika

Sasa mipaka. Kata ni mpaka wa diwani, mguu wa mtoto hauujui. Karibu kila halmashauri ina kitongoji ambacho watoto wake wanaipita sekondari ya kata jirani kilomita 2 ili wafike ya kwao kilomita 7.

Fanyeni hivi. Toeni orodha ya darasa la V na la VI kwa kitongoji, siyo kwa shule. Pimeni njia kwa simu mkitembea, msichore mstari kwenye ramani. Korongo wanaloruka watoto Septemba halivukiki Aprili, kwa hiyo pimeni tena wakati wa masika. Kwenye mfano wetu kitongoji cha mpakani chenye watoto 45 kikihamia jirani, 432 wanakuwa 387, mikondo 10 badala ya 11. Kilele cha 2031 kinashuka hadi 28. Jengeni vyumba 8 vya kudumu, mnafika 24, na vinne vinavyopungua ndivyo vile vya A na B.

Lakini fanyeni jedwali hilohilo kwa kata jirani kwanza. Nao wana makundi mawili. Ukimpelekea 45 akapata mkondo wa ziada, umehamisha tatizo tu.

Mahali panapokwama ni WDC, Kamati ya Maendeleo ya Kata: "Shule tumeijenga kwa michango yetu, matofali yetu." Wana haki ya kusema. Kinachosaidia ni kubadilishana: kitongoji kiende, kitongoji kingine kije, na mapatano yafike Baraza la Madiwani kwa kata zote mbili siku moja. Ukianza na upande mmoja, mwingine unasikia kama wameporwa.

Bi_Ikama

Swali dogo lenye moto: nani anakaa shikizi? Msipange kwa alama. Ukiwapeleka waliofanya vibaya kwenye vyumba vya msingi, umeanzisha shule ya mabaki.

Takwimu_za_Kata

Naafiki. Iwe kidato cha I tu, maana cha II na cha IV wana mitihani ya taifa na wanahitaji maabara. Mikondo igawanywe kwa kura, mvulana na msichana sawa, na izunguke kila muhula: minne shikizi, mingine sekondari mama, halafu wabadilishane.

Fundi_Mashimo

Mmesahau vyoo. Tundu 1 kwa wasichana 20, 1 kwa wavulana 25. Leo watoto 640, nusu kwa nusu: 16 na 13, jumla 29. Mwaka 2031, mikondo 28 ya 40 ni watoto 1,120: 28 na 23, jumla 51. Nyongeza 22. Ya watoto wa shikizi yajengwe kulekule B, yasihesabiwe sekondari mama. Na shimo lichimbwe kiangazi, Julai hadi Septemba 2027; ukisubiri fedha za Machi, kingo zinaporomoka kabla hujajenga kuta.