Waliolea watoto njiti Mbeya, Iringa, Njombe: tupeane uzoefu

Binti Isyesye
Habari za leo wapendwa. Shoga yangu kajifungua wiki ya 31, yuko wodini hospitali ya Meta hapa Mbeya na kichanga ambacho hata kilo moja na nusu hakijafika. Kila anayekwenda kumwona anampa pole na sabuni. Mbinu hampi mtu. Nimelea njiti mwenyewe, naanza mimi.

Kubwa lililonisumbua ni maneno ya "hana maziwa". Njiti wa chini ya wiki 34 mara nyingi hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, ndiyo maana wanamlisha kwa mpira wa puani, baadaye kikombe. Maziwa yapo, mnyonyaji ndiye bado. Usipokamua, yanakata kweli, halafu wanakuambia "si tulisema?"

Nesi mmoja wa zamu ya usiku alinikalia kitandani akanionyesha: kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Chuchu yenyewe usiivute. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, lilitoka la kufunika kitako cha kikombe tu, la njano, zito. Bibi wa kitanda cha jirani akasema limwagwe, ni uchafu. Nesi hakubishana naye, alilivuta na bomba la sindano mpaka tone la mwisho akampa mwanangu. Baada ya hapo ni kukamua kila baada ya saa mbili au tatu, na usiku usiruke.

Baba Gwakisa
Mimi nilikangaruu, yaani nilimbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Mama alikuwa katoka upasuaji, hawezi hata kugeuka, nikaambiwa vua shati. Mtoto akawekwa na nepi, kofia na soksi tu, kifua kwa kifua, miguu kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, kanga ikapita juu. Vijana wa kijiweni Mafiati walinicheka. Wacheke tu, mtoto alitulia kuliko alipokuwa kwenye mashine ya joto. Wanaume, mkeo akalale, wewe beba.

Mkunga Mstaafu
Baba Gwakisa, ndaga fijo, asante sana. Watu wanadhani kangaruu ni njia ya maskini waliokosa mashine. Ni kweli ilianzia Bogotá, Kolombia, miaka ya 1970 mwishoni, mashine zikiwa chache. Lakini utafiti uliotoka 2021, na Tanzania ilikuwemo, ulionyesha kuwa kuanza mapema, bila kusubiri mtoto atengemae kwanza, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) wakashauri hivyo hivyo: saa 8 mpaka 24 kwa siku. Na ngozi ya mtoto ikigusana na ya mama, maziwa huongezeka. Nimeyaona kwa macho yangu miaka mingi.

Mama Pacha Ipogolo
Kamwene. Mimi aliyeniokoa ni wifi yangu. Alihamia kwangu, akapika uji wa ulezi, akafua, akawatoa wageni mlangoni bila aibu. Mimi kazi yangu ikawa kukamua, kula, kubeba. Pacha mmoja kifuani kwangu, mwingine kwake.
Mwajiri wangu alitaka nirudi zile siku 100 za likizo ya uzazi wa pacha zikiisha, wakati wanangu ndiyo kwanza wanajifunza ziwa. Mlioajiriwa sasa mna nafuu: tangu Februari 2025 sheria ya kazi inamwongezea likizo aliyejifungua njiti. Ulizeni, msingoje kuambiwa.

Mzee wa Kiwira
Kwani maziwa ya ng'ombe yana shida gani? Rungwe tumejaaliwa.

Mkunga Mstaafu
Baba, hayo ni ya chai. Utumbo wa njiti ni laini mno, unaweza kuoza akiwa hai. Ya mama yakichelewa, daktari ndiye aseme apewe nini. Maji nayo bado, mpaka miezi sita.

Mke wa Makete
Na baridi yetu ya Juni jamani? Mwanangu karuhusiwa juzi, mama mkwe kaleta jiko la mkaa chumbani, kufunga dirisha.

Binti Isyesye
Litoe leo hii! Moshi wa mkaa hauonekani na unaua wote mliomo. Mtoto akae kifuani kwako mchana na usiku, blanketi juu yenu, kofia asivuliwe. Kuoga kusubiri, mpanguse tu. Mgusie miguu mara kwa mara: ikiwa ya baridi, au amelegea na hataki kulishwa, nenda hospitali hata kama ni saa nane za usiku.

Mke wa Makete
Limetoka. Mama mkwe kanuna, ila kofia ya pili anasuka.

Binti Isyesye
😂 Shoga yangu anahitaji kanga pana za kufungia na mtu wa kumpelekea uji wa asubuhi. Aliye jirani na Meta anicheki pembeni.