Kuku wangu siku ya pili anasukuma yai halitoki, naombeni msaada haraka

tetea_uyole
Habari zenu wapendwa, niko huku Uyole Mbeya, nafuga kuku tisa tu nyuma ya nyumba, chotara sita na kienyeji watatu. Kuna mtetea wangu mmoja mwekundu toka jana asubuhi anaingia kiotani anatoka, anaingia anatoka, anajikunja kama anataka kutaga, mkia unapanda unashuka, lakini yai hakuna. Leo ndo kanitisha kabisa, kasimama wima kama chupa, mkia kaushusha, mabawa kayaachia, nimemmwagia mahindi hata hajayaangalia. Upanga wake wa kichwani uliokuwa mwekundu saivi umepauka. Wiki iliyopita nilikuta yai kwenye maranda halina ganda, ni kangozi tu, ukilishika linabonyea kama puto lenye maji, nikalitupa sikuwaza chochote.

Chakula chao ni pumba, mahindi ya kuparaza na mabaki ya mboga. Na baridi ya huku mwezi huu wa sita mnaijua, maji yao asubuhi ukitia kidole unakitoa haraka. Jirani kaniambia nimbonyeze tumbo yai litoke, mwingine kasema nichinje kabla hajafa. Wanangu wanampenda sana huyu, shuleni wakirudi wanapitia kwanza bandani. Nifanyeje?

maranda_mafinga
Dada tafadhali USIMBONYEZE. Yai likipasukia ndani vile vipande vinamchana na uchafu unabaki tumboni, hapo humponi tena. Mi nilimpoteza mmoja hivyo hivyo mwaka juzi, nilisikia kabisa "tki" mkononi, kesho yake asubuhi kafa, mpaka leo najuta.

Huyo yai limemkwama. Fanya hivi sasa hivi usisubiri kesho, mana kuku aliyekwama yai siku moja mbili tu anaweza kukutoka. Chukua beseni, maji ya uvuguvugu, yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, sio ya moto. Mkalishe humo maji yafike tumboni hadi nyuma yote izame, mshike mabawa taratibu, ongea nae, dakika 20 hivi, yakipoa ongeza ya moto kidogo kidogo pembeni sio juu yake. Wengi wakishazoea wanatulia kabisa wanafumba macho. Ukimtoa mkaushe vizuri na taulo mpaka manyoya ya ndani, baridi ya Uyole na kuku aliyeloa havipatani, kisha nawa mikono, paka mafuta ya kula au ya mgando pale yai linapotokea, umweke kwenye boksi lenye kitambaa, mahali pana joto na giza kidogo na pasipo kelele. Muache hata saa nzima. Kama bado, rudia.

kaka_ipogolo
Kamwene dada. Naongezea tu hapo kwenye joto, usije ukamfungia chumbani na jiko la mkaa, hewa yake inaua kuku na inaua watu. Chupa ya maji ya moto ifunge na kitenge weka pembeni ya boksi inatosha.

Ila mi naona shida ilianza kwenye lile yai la ngozi. Pumba na mahindi havina kalisiamu ya maana, na ganda moja tu la yai linakula kama gramu 2 za kalisiamu, asipoipata kwenye chakula anaichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Sasa ikiisha, ganda linakuwa laini na misuli ya kusukuma nayo inakosa nguvu, ndo yai linagoma njiani. Na mahindi mengi yanamnenepesha, mafuta yanabana njia.

dawa_kwanza
Mpe OTC, ile antibiotiki ya unga, kwenye maji siku tano atapona

maranda_mafinga
Hapana ndugu, OTC haisukumi yai. Labda daktari wa mifugo amuone aseme kuna maambukizi, na akipewa, mayai yake hayaliwi mpaka siku za kusubiri baada ya dawa ziishe. Dada, wenzie wanatagaje? Kama wengi wanatoa ganda laini na wanakohoa au kukoroma hilo ni jambo jingine la ugonjwa, ita mtaalamu wa mifugo wa kata. Na ukiona nyama nyekundu imetoka nje nyuma mtenge haraka, wenzie watamdonoa.

tetea_uyole
Mungu awabariki jamani. Nimemweka kwenye beseni mara mbili, ya kwanza hakuna kitu, ya pili nikamrudisha kwenye boksi nikaenda kusonga ugali, kurudi nakuta lile yai liko chini yake, ganda jembamba limekunjamana upande mmoja kama karatasi iliyoloa, na mwenyewe kalala anahema. Nimemchungulia nyuma hakuna nyama iliyotoka. Kanywa maji mengi sana! Wenzie wako salama, hamna anayekohoa. Sasa hiyo kalisiamu naipataje, na ni chokaa hii ya kupaka ukutani?

kaka_ipogolo
Afadhali sana! La, ya ukutani usithubutu itamuunguza koo. Nenda duka la pembejeo uliza chokaa ya mifugo, iweke kwenye kopo lake peke yake bandani, wanaotaga watadonoa wenyewe kadri wanavyohitaji, vifaranga na jogoo usiwachanganyie kwenye chakula. Maganda ya mayai pia, kausha kwenye kikaango, ponda yawe madogo kabisa yasifanane na yai wasije wakajifunza kula mayai yao. Na nyie mko karibu na Kyela, usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kusaga una protini na mifupa yake humo humo. Mahindi punguza, tafuta chakula cha kuku wa mayai.

maranda_mafinga
Na mwache kwenye giza giza siku mbili tatu asitage upesi, apumzike, hata kama wenzie wanamwita huko nje. Ganda linajengwa masaa kama 20 kwaiyo chokaa awe nayo mpaka jioni, usiku ndo kazi yenyewe inafanyika.

tetea_uyole
Sawa kaka zangu, kesho asubuhi nashuka sokoni Mwanjelwa. Saivi ameanza kudonoa usipa mkononi kwangu.